Jinsi Nilivyomjengea Kaburi Mheshimiwa Anselemi

Keti karibu na dirisha, Zaituni, upate mwanga, na uyaandike maneno yangu kama ninavyoyatoa. Usiyapambe. Sikukaa darasani hata siku moja, lakini naijua sentensi iliyosimama wima na ile iliyoegemea, kama ninavyoyajua matofali. Ukimaliza utanisomea, na pale ulipoongeza neno lako nitalikuta.

Maneno haya nawapa ninyi vijana mnaoshika mwiko leo, mnaochanganya zege kwa mashine na kupima ukuta kwa taa nyekundu. Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na fundi anayefika mahali pa kazi akaanza kupima kabla hajasalimu watu. Najua anavyofikiri, kwa sababu nilikuwa yeye.

Mimi nilijenga makaburi. Hayakuwa makaburi ya kila mtu, bali ya wakubwa wa zamani: machifu, madiwani, mabugumesta, ndivyo tulivyowaita wakuu wa tarafa, na wale wabunge wa siku za kwanza za uhuru. Watu hao walisikika Kigali, wakavaa viatu Kigali, lakini walipokufa walirudishwa milimani kwao, katika ule mkoa wa mashamba ulioizunguka Kigali pande zote, wakalazwa kwenye migomba yao. Miaka ikapita, fito za uzio zikaota zikawa miti, na watoto wao walipopata uwezo wakamtafuta fundi wa kumwekea baba zege na vigae vyeupe, vile tulivyoviita makaro. Fundi huyo alikuwa Masudi wa Nyamirambo. Masudi ndiye aliyenifunza.

Sisi ni Waislamu, na Mwislamu hajengewi nyumba juu ya kifua chake. Watu walimcheka Masudi kwamba anawajengea wengine kitu ambacho mwenyewe hakitaki. Yeye alijibu, "Mshona suruali za wanene si lazima anenepe." Alipofariki, mwaka wa tisini, tulimwekea mawe mawili yasiyochongwa, moja kichwani na moja miguuni. Hayo mawili yalimtosha.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye shamba moja, akaniamuru nilale kifudifudi kwenye majani asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Nililala. Nikamwuliza, "Natazama nini, mwalimu?" Akasema, "Udongo ni kama godoro. Aliyelala juu yake huacha alama, na aliyelala ndani yake huacha alama zaidi." Nikainua jicho moja, na kweli, nikaona mahali umande umekaa kama maji kwenye kiganja, na majani yake yana kijani zaidi kuliko ya jirani. Hapo palikuwa na mtu. Nanyi mjaribu. Hakuna mashine inayolala kifudifudi.

Kisha alinifunza nondo. Nondo ya mtafuta kaburi ni ndefu kuliko mtu, ina ncha, na haipigwi nyundo. Unaisukuma kwa uzito wa mabega na unasikiliza. Udongo ambao haujawahi kuchimbwa huikataa nondo kama mlango uliofungwa. Udongo uliochimbwa, hata kama ni wa zamani za babu, huiruhusu iingie kidogo zaidi.

Lakini kabla ya jicho na kabla ya nondo, Masudi alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichoka. "Kwanza muulize aliyelia. Nondo ni ya kuthibitisha. Si ya kuuliza." Maana yake, mtafute mtu aliyekuwepo siku ya maziko, aliyemlilia marehemu kwa machozi yake mwenyewe, na yeye ndiye akuoneshe mahali. Nililisikia neno hilo mara nyingi mno, na lililosikiwa mara nyingi mno huonekana dogo.

Masudi hakuwa mtu wa kucheka, lakini aliwachekesha watu. Kulikuwa na bugumesta mmoja ambaye wana wake walitaka alazwe akiielekea ofisi ya tarafa, ili aendelee kuwachunga makarani. Tulimjengea hivyo. Baadaye ofisi ikahamishiwa upande wa pili wa mlima, na wale wana wakarudi kuomba kaburi ligeuzwe. Masudi akawaambia, "Baba yenu alikuwa na mamlaka. Mwambieni ageuke mwenyewe." Kulikuwa pia na diwani aliyeacha wake wawili, kila mmoja akitaka nafasi yake ya baadaye iwe kuliani kwa mume. Walikwisha kushikana vilemba. Masudi alikunja uso, akapima muda mrefu bila sababu, kisha akamwambia wa kwanza, "Wewe utakuwa kulia kwa marehemu." Akamwambia wa pili, "Nawe utakuwa kulia kwa kila mgeni atakayekuja kumtazama." Wote wawili wakampikia.

Na zege, vijana, zege ni mtoto mchanga. Zege langu la kwanza lilipasuka kwa sababu nilimwaga nikaenda zangu nyumbani, jua likalinywa. Masudi alinirudisha, tukalimwaga upya, tukalifunika kwa majani ya migomba, na akaniweka pale siku saba nikilinywesha maji asubuhi, adhuhuri na alasiri. Siku ya nane aliniuliza, "Limekua?" Nikasema limekua. Akasema, "Na wewe je?" Sasa nitawaeleza ni siku gani nilikua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kaskazini kulikuwa na vita tangu miaka miwili nyuma, na malori ya askari yalikuwa yakipanda na kushuka njia ya Kanombe. Saruji ilipatikana kwa kubahatisha. Wakati huohuo vyama vilikuwa vimeruhusiwa kuwa vingi, na kila chama kikahitaji babu. Chama kipya kisicho na marehemu mashuhuri kilionekana kama kijana aliyekuja kuposa bila ukoo. Basi wanasiasa wa zamani, ambao kwa miaka makaburi yao yalikuwa yakilishiwa mbuzi, ghafla wakapata wageni. Katika maisha yangu sikuwahi kuwa na kazi nyingi kama miezi ile.

Siku moja alinijia nyumbani Nyamirambo mfanyabiashara wa maharage wa Nyabugogo, mwenyekiti wa kamati ya chama chake katika tarafa ya kwao. Jina lake nitaliacha. Kila mtu alimwita Prezida, naye aliitika. Alizungumza Kiswahili cha stendi, kile cha haraka.

"Fundi, tunataka kaburi ya Mheshimiwa Anselemi. Iko Karuvumu, nyuma ya mlima ya Rebero, ukivuka bonde. Tunataka makaro nyeupe. Tunataka na ngazi."

"Ngazi za kwenda wapi?"

"Za heshima tu. Mkubwa wa chama atapanda aweke maua."

"Na kaburi lenyewe liko wapi?"

Prezida akajikuna shingo. "Iko kwa shamba yake. Mahali kabisa hatujui. Bibi yake, ule mukecuru, anakataa kusema. Anasema bwana yake alishatoka katika siasa." Kisha akainama karibu nami. "Lakini wewe, Muzehe, watu wanasema nondo yako inaona."

Sifa ni kama pombe, na mimi sinywi pombe; kwa hiyo ilinipanda haraka.

Mheshimiwa Anselemi, ili muelewe, alikuwa mbunge katika bunge la kwanza. Siku moja alirudi kwao Karuvumu na sanduku lake, akasema imetosha, akalima njegere mpaka alipokufa. Alizikwa na mkewe na majirani wachache, bila msalaba, bila jiwe, bila hotuba. Ilikuwa imepita miaka kama ishirini.

Tulifika Karuvumu kwa gari la Prezida. Mjane, Mama Felisita, alikuwa ameketi uani akimenya njegere kwenye mkeka. Alikuwa mwembamba, mrefu hata akiwa ameketi, na vidole vyake havikusimama kazi alipotuona. Tulizungumza Kinyarwanda, ninawapa kwa Kiswahili.

Mimi nilisimama. Tazama, Zaituni, neno hilo liandike vizuri. Nilisimama, Prezida ubavuni mwangu, nondo mkononi, kama askari aliyekuja kukagua.

"Mama," nikasema, "tumekuja kumjengea mheshimiwa. Tuoneshe mahali alipolala."

Akaitazama nondo kutoka chini hadi juu. "Hicho ni nini?"

"Ni chombo changu. Hutambua ardhi iliyochimbwa."

"Kumbe kinajua," akasema, na njegere ikaanguka bakulini. "Basi kiulize hicho."

Prezida akacheka. Mimi niliona kwamba nimepewa shindano, nami nikalipokea. Aliyelia alikuwa hatua tatu kutoka miguuni pangu, nami nikampa mgongo nikaingia shambani.

Nilitafuta siku mbili. Asubuhi ya pili, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mti mkubwa wa mvumu, niliona bonde dogo, refu kama mtu, lililolazwa sawasawa. Nikasukuma nondo. Iliingia kama kisu kwenye parachichi. Nikasukuma upande, ikakataa. Nikaufuata ukingo wote: urefu wa mtu, upana wa mtu. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuona kaburi lililojieleza wazi namna ile.

Nondo ilipotoka, ncha yake ilikuwa nyeusi. Prezida akaigusa.

"Hii majivu ni ya nini, Fundi?"

Sikujua. Ningesema sijui, kisa hiki kingeishia hapo na mngekwenda kucheza mpira. Lakini mtu ambaye nondo yake inaona hawezi kusema hajui. Nikajibu, kwa sauti ya Masudi kabisa, "Wakubwa wa zamani walitandikiwa makaa kaburini, ili mchwa wasiwasogelee."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Lilitoka kinywani mwangu likiwa limekwisha kuvaa. Prezida akatikisa kichwa polepole, akalirudia kwa midomo kama mtu anayehifadhi aya.

Kazi ikaanza. Jumamosi ya kazi ya pamoja, kilima kizima kilitoka: wanawake na mitungi ya maji kichwani, wanaume na kokoto. Watu wa Karuvumu walikuwa wachangamfu kupita kiasi. Mmoja, Yohana, jirani wa mjane, mtu mzima mwenye meno machache na maneno mengi, hakuondoka ubavuni mwangu.

"Fundi, mheshimiwa yupo hapo kabisa?"

"Yupo."

"Kichwa kiko huku?"

"Kiko huku."

"Basi mimina taratibu. Asije akaiva kabla ya siku yake."

Wale wanawake waliweka mitungi chini, wakashikana mabega kwa kicheko. Nilimkemea Yohana kwamba marehemu hataniwi. Akaomba radhi kwa heshima zote, akaenda kuteka maji mengine, mabega yake yakitikisika njia nzima. Mimi nilidhani wanafurahia maendeleo.

Nilijenga vizuri. Hilo nalisema bila aibu. Karai moja la saruji kwa matatu ya mchanga wa mto, nondo nyembamba ndani ya zege, makaro meupe yaliyopangwa kwa uzi, ngazi tatu za heshima. Nikafunika kwa majani ya migomba, nikanywesha siku saba. Nilipoondoka lilikuwa limekaa kama sahani mezani.

Kisha mvua ikanyesha. Siku kumi kabla ya sherehe alinifikia Nyamirambo mtu mwenye baiskeli, na ujumbe wa Yohana wa maneno mawili: "Mheshimiwa anageuka."

Nilipanda Rebero kwa miguu, nikashuka upande wa pili, nikavuka bonde na matope yangu. Kaburi lilikuwa limeinamia upande wa miguu kama ng'ombe anayekunywa maji, na ufa ulikuwa umepita katikati ya makaro. Nikashangaa. Ardhi ya kaburi la miaka ishirini hukaa. Huzama mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ikatulia. Ardhi hii ilikuwa bado inapumua. Nikachimba pembeni kwa mwiko, nikatoa majivu, makaa, na majani makavu meusi yaliyokandamana tabaka kwa tabaka. Nikachuchumaa nikiyatazama.

Mama Felisita akaja. Akaketi kwenye ngazi ya pili ya heshima, akapanga khanga yake magotini.

"Mwislamu," akasema, "umewahi kutengeneza pombe ya ndizi?"

"Mungu aniepushe, mama. Sijawahi hata kuikaribia."

"Ndiyo maana."

Akanieleza, bila haraka, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Ndizi za pombe haziivi zenyewe kwa wakati mmoja. Watu huchimba shimo refu, huchoma moto ndani mpaka udongo upate joto, hutandika majani ya migomba, hulaza mikungu, huifunika kwa majani na udongo, na baada ya siku chache huifukua ikiwa ya njano. Shimo lile alilichimba mumewe mwenyewe mwaka aliorudi kutoka bungeni. Waliivisha humo ndizi miaka na miaka, kisha, miaka michache nyuma, likafukiwa na majani yake yote.

Mtoto yeyote wa kilima chochote nchini angelitambua shimo lile kwa makaa yake. Ilibidi aje Mwislamu wa Nyamirambo, aliyekulia kwenye barabara ya lami, mwenye nondo inayoona, ndipo liwekewe ngazi za heshima.

"Watu wote walijua?" nikauliza.

"Hata mbuzi."

"Na wakanibebea maji?"

"Ulihitaji maji." Akanyoosha mkono akagusa karo. "Tulikuonea huruma kukukatiza. Ulikuwa unafanya kazi nzuri sana."

Nilicheka? Sikucheka. Siku hizi nacheka. Siku ile masikio yangu yaliwaka, na niliyemfikiria kwanza ni Masudi na mawe yake mawili.

"Na mheshimiwa," nikasema, "amelala wapi?"

Akaurudisha mkono magotini. Kisha akasema, "Aliniambia hivi: Felisita, nimesimama juu ya majukwaa miaka mingi, nikifa usiniwekee lingine. Nikamwahidi. Hawa wa gari watapiga kelele, watakuja wengine wenye bendera nyingine, watamgombea kama mfupa. Kwenye shimo la ndizi wacha wamgombee, ndizi haziumii." Akasimama. "Sasa wewe una mdomo. Uutumie unavyoona."

Hapo ndipo nilipokuwa, vijana. Nikinyamaza, nimekuwa mwongo, na jina la kutokosea ndilo lililonilisha. Nikisema kila kitu, Prezida ataleta watu na majembe, watachimbua shamba zima mpaka wamtoe mzee wa watu, na ahadi ya yule mama itakuwa imevunjwa na mkono wangu. Nilitembea kutoka Karuvumu mpaka Nyabugogo nikilitafakari, na nilipofika nilikuwa nimepata njia nyembamba: nitakiri kosa langu lote, na siri ya mwenzangu sitaigusa.

Prezida alikuwa kati ya magunia yake, akiwafokea wapagazi. Nikamwomba faragha, tukaingia nyuma ya ghala.

"Bwana Prezida, nimekosea. Mheshimiwa hayupo pale. Pale ni shimo la kuivishia ndizi."

Alikaa kwenye gunia. Alikuwa mzaliwa wa kule; alielewa mara moja. Uso wake ulipitia rangi kadhaa.

"Yale majivu," akasema.

"Yale majivu."

"Nimeshaandika katika hotuba. Mila ya makaa."

"Ifute."

"Nimeshampa mkubwa wa chama. Ameipenda." Akajifuta jasho. "Mheshimiwa iko wapi sasa?"

"Anayejua hajaniambia, na hata angeniambia nisingekuambia. Nitabomoa kwa mikono yangu."

"Usibomoe! Wageni wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Nani anajua?"

"Kilima kizima."

"Na chama ile ingine?"

"Hao hawajui."

"Basi." Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa mwiba. "Ziba iyo ufa, Fundi. Tuache mambo."

Nikamwambia nitaziba, kwa sababu zege bovu ni aibu yangu hata likiwa juu ya ndizi. Lakini kile kibao cha jiwe alichokwisha kukichongesha, chenye maneno ya "Hapa amelala," sitakiweka. Kichongwe kingine, cha kumkumbuka tu, bila "hapa" na bila "amelala." Alibisha mpaka wapagazi wakachungulia. Nikamwambia, "Basi mtafute fundi mwingine, naye utamweleza kwa nini ufa upo." Kibao kikachongwa upya. Nami kwa kuwa sisomi, nilimpa mtu mmoja anisomee, kisha nikampa mwingine asiyemjua wa kwanza. Wote wawili walisoma: kwa kumbukumbu ya Anselemi, mwana wa Karuvumu. Hilo lilikuwa kweli. Nikaliweka.

Ufa niliuziba hivi, na mjifunze: hauzibwi kutoka juu. Nilichimba chini ya ukingo ulioinama, kipande kwa kipande, nikatoa majani yale yote, nikashindilia mawe na udongo mwekundu kwa mchi, nikaliinua zege kwa mtaimbo huku Yohana akishikilia kabari na kuniuliza kama mheshimiwa ameiva. Safari hii sikumkemea.

Jumapili ikafika. Viti vilipangwa, bendera zikafungwa kwenye migomba, na mkubwa wa chama akapanda ngazi tatu za heshima bila kujikwaa. Zilisomwa hotuba tatu. Katika ya pili tulielezwa kwamba wahenga wetu, kwa hekima yao, waliwatandikia viongozi makaa. Watu wa Karuvumu waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, na wageni wakaguswa sana na huzuni yao. Prezida alitazama viatu vyake.

Mama Felisita aliwekwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, akilielekea kaburi. Hotuba ya kwanza ilipoanza, alinyanyuka kidogo akakigeuza kiti. Kijana wa kamati akaja, akakirudisha kwa adabu. Hotuba ya pili, akakigeuza tena. Kijana akaja tena.

"Jua linaniumiza macho," akamwambia.

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Mimi ni mtu wa uzi na pima maji. Mstari hunivuta macho nisipotaka. Nilifuata mahali kiti kilipoelekea. Mstari ulipita pembe ya nyumba, ukapita zizi la mbuzi, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye shamba la njegere, na pale ukingoni, mahali pasipo na chochote, majani ya njegere yalikuwa na kijani zaidi kuliko ya jirani, na ardhi ilikuwa imekaa kama kiganja. Niligeuza uso haraka.

"Unatazama nini, Fundi?" akauliza Yohana ubavuni.

"Mawingu."

"Ni mazuri," akasema, wala hakuinua kichwa.

Wageni walipoondoka na bendera zao, sikwenda nao. Niliingia uani kwa Mama Felisita mikono mitupu. Niliketi kwenye mkeka kabla sijatoa neno. Nikakaa kimya muda unaompasa mtu aliyefika msibani. Kisha nikasema, "Pole, mama, kwa kufiwa na mumeo."

Ilikuwa imechelewa miaka ishirini. Alinitazama, na vidole vyake kwa mara ya kwanza vilisimama.

"Asante," akasema. "Sasa ndiyo umefika. Ungeketi siku ile, ningekuonesha."

Akaniletea maziwa. Nilipokwisha kunywa akasema, "Umeona, au hukuona?"

"Nimeona."

"Basi siku yangu ikifika, uje wewe. Ile fimbo yako iache nyumbani, na usilete karo hata moja."

Siku yake ilifika mwaka uliofuata. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, akiwa amelala, na kilima chote kilimlilia. Yaliyokuja mwaka wa tisini na nne siyachanganyi na kisa hiki. Mnajua kwamba ninayasimulia siku nyingine, kwa sauti nyingine. Nasema tu kwamba kufa namna ile, kabla ya mwaka huo, ilikuwa neema ambayo hatukujua kuishukuru ipasavyo.

Yohana mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita. Wapwa wa marehemu waliuliza achimbiwe wapi, wapi alipo mumewe. Watu wakanitazama. Nilitembea kutoka pembe ya nyumba, nikapita zizi la mbuzi, nikasimama. Sikuwa na nondo. Tukachimba kando yake, kwa upande wa kulia wa mheshimiwa na wa kulia wa mgeni vilevile, maana alikuwa mke mmoja. Tukajaza udongo, tukausawazisha, na msimu ulipofika wakapanda njegere.

Lile kaburi la makaro bado lipo, na limesimama wima mpaka leo. Nililirudia miaka mingi baadaye, nikaweka pima maji juu yake, na kiputo chake kikakaa katikati. Watoto huketi kwenye ngazi zake wakila.

Sasa Zaituni amenyanyua kalamu ananiuliza ni hatua ngapi kutoka ngazi ya kwanza mpaka pale kwenye njegere, ili aziandike. Usiziandike. Yupo bado mtu Karuvumu aliyemlilia Felisita kwa machozi yake. Mwenye kutaka kujua aliache gari chini barabarani, apande kwa miguu, aketi kwenye mkeka, na aseme pole. Ataoneshwa.